Siku Tatu Gizani: Mwongozo Kamili wa Wikendi Kwenye Tamasha la Filamu za Asia

Wengi wanaokwenda tamasha la filamu kwa mara ya kwanza hukata tiketi kama mwenye njaa anavyopakua chakula, sahani inajaa kuliko tumbo. Filamu moja Ijumaa usiku, nne Jumamosi, nne tena Jumapili. Ikifika Jumapili jioni hawakumbuki kama yule mama aliyemtafuta mwanawe sokoni alikuwa kwenye filamu ya Iran au ya Vietnam, na mwongozaji anaposimama mbele kujibu maswali, wao wako mlangoni wanakimbilia ukumbi mwingine. Nami nimewahi kukimbia hivyo, zaidi ya mara moja. Siku hizi nina kanuni moja na naishika: filamu tano kwa wikendi nzima, na mojawapo itoke nchi ambayo sijawahi kuona filamu yake hata moja. Yote yanayofuata hapa yanatokana na kanuni hiyo.

Hatua ya kwanza: jua ni Asia ipi

Neno Asia ni pana mno. Linaanzia Uturuki na Lebanon, linapita Iran, Kazakhstan na India, linafika Ufilipino na Japani, na kila tamasha lina upande wake linaoupenda. La Udine, kaskazini-mashariki mwa Italia, lililoanza mwaka 1999, huegemea Asia ya Mashariki na ya Kusini-Mashariki, tena zile filamu ambazo watu wa huko wenyewe hujaza kumbi kuzitazama: mapigano, vichekesho, mapenzi, za kutisha. La Vesoul nchini Ufaransa, lililoanza 1995, hulichukua bara lote kuanzia Mashariki ya Kati. La Yamagata, Japani, ni la dokumentari tu na hufanyika kila baada ya miaka miwili, katika miaka isiyogawanyika kwa mbili, tangu 1989. La Busan, Korea Kusini, lilianza 1996 na kwa kawaida huonyesha filamu zaidi ya 200, za Asia na za kwingineko.

Kwa hiyo kabla hujapenda bango, fungua orodha ya mwaka uliopita uhesabu nchi. Kama filamu thelathini kati ya arobaini zinatoka Japani, Korea na Hong Kong, na wewe moyo wako uko kwenye filamu za Iran au za India Kusini, tafuta tamasha jingine.

Kuhusu majira: Osaka kwa miaka mingi ilikuwa Machi, Hong Kong Machi au Aprili, Udine mwishoni mwa Aprili, Jeonju huko Korea Kusini hufuata mara moja kuingia Mei, New York katikati ya mwaka, Busan Septemba au Oktoba, Tokyo Oktoba kuingia Novemba, Goa nchini India Novemba, na Kerala, India pia, katika mji wa Thiruvananthapuram, Desemba. Ukipata nafasi ya kuchagua kati ya wikendi mbili za tamasha moja, chukua ya kwanza. Wageni wengi, yaani waongozaji na waigizaji, hufika siku za mwanzo, na wengi wao huwa wameshaondoka tuzo zinapotolewa.

Hatua ya pili: soma katalogi kwa jicho la mkulima anayechagua mbegu

Muhtasari wa filamu ndio sehemu inayokudanganya zaidi kwenye katalogi. Huandikwa na mtu anayetaka ukumbi ujae, na kila filamu humo ni "ya kugusa moyo". Mimi huanza na mistari midogo iliyo chini ya jina: nchi, mwaka, lugha, dakika. Mistari hiyo haijui kusifia.

Ukiona nchi tatu au nne zimeandikwa kwenye filamu moja, maana yake fedha zimechangwa huku na huko, na mara nyingi ni mwongozaji asiye na soko kubwa nyumbani kwao aliyezunguka miaka kadhaa kutafuta wa kumsaidia. Filamu kama hizo hazifiki kirahisi kwenye kumbi za kawaida wala kwenye programu za simu, na hiyo ni sababu nzuri ya kuziweka mbele. Ile ya mwigizaji mashuhuri ambayo itaingia kumbini mwezi ujao inaweza kungoja.

Kisha tazama kitengo. Vitengo vya waongozaji wapya ndivyo nivipendavyo kuliko vyote. Kwa miaka mingi Busan ilikuwa na kitengo cha namna hiyo kilichoitwa New Currents, kwa Waasia wanaotoa filamu yao ndefu ya kwanza au ya pili. Mwaka 1998 tuzo yake ilimwendea kijana wa China aitwaye Jia Zhangke. Miaka minane baadaye kijana huyo alichukua Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Venice. Waliokaa kwenye ukumbi ule wa Busan walimwona kabla dunia haijalijua jina lake.

Kuna pia maneno ya "onyesho la kwanza". La kwanza duniani maana yake hakuna mtazamaji popote aliyeiona. La kwanza kimataifa maana yake imeshaonyeshwa kwao, sasa ndiyo inatoka nje ya nchi. Onyesho la kwanza duniani lina uwezekano mkubwa wa kuwa na mwongozaji ukumbini, lakini halina mtu wa kukuambia kama filamu ni nzuri. Kwenye matamasha ya Korea tafuta herufi GV pembeni ya onyesho: hapo wageni wa filamu watakuwepo kuzungumza na watazamaji.

Jambo moja linalowapoteza wengi wakati wa kutafuta ni majina. Wakorea, Wachina na Wajapani kwao huanza na jina la ukoo. Park Chan-wook ni wa ukoo wa Park, Wong Kar-wai ni wa ukoo wa Wong. Lakini katalogi nyingi za Ulaya na Marekani huwageuza Wajapani wakaanza na jina la mtu, Akira Kurosawa, huku Wakorea zikiwaacha kama walivyo. Ukimkosa mtu kwenye faharasa, mtafute kwa jina la pili kabla hujasema hayupo. Na Indonesia wapo watu wenye jina moja tu, kama mwongozaji Edwin. Hakuna lililosahaulika hapo, ndilo jina lake.

Hatua ya tatu: panga ratiba

Hapa ndipo wikendi inapojengwa au inapobomoka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua karatasi, si simu. Chora safu tatu, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Andika kwanza filamu mbili tu ambazo ukizikosa utasikitika kweli. Hizo ni nguzo. Halafu weka ile ya nchi usiyoijua. Mbili za mwisho zijaze nafasi zilizobaki, na ziwe za namna tofauti na nguzo zako. Kama nguzo zote mbili ni drama za familia zinazokwenda taratibu, tia ya mapigano, au kifungu cha filamu fupi ambapo utaona tano au sita ndani ya saa moja na nusu.

Sasa hesabu muda halisi. Filamu imeandikwa dakika 110. Ongeza dakika kumi za kukaribisha na kutambulisha wageni, dakika thelathini za maswali, na dakika ishirini za kutoka na kwenda ukumbi wa pili kwa miguu ukiwa katikati ya umati. Jumla ni dakika 170, karibu saa tatu. Ratiba inayokuonyesha filamu ya saa nane mchana na nyingine ya saa kumi na robo inakuambia zinawezekana zote mbili. Zinawezekana kama utayaacha maswali na utakaa kwenye filamu ya pili ukihema.

Dakika zenyewe zisome kwa makini, maana filamu za Asia hazina kimo kimoja. Hong Sang-soo wa Korea hutoa filamu nyingi zisizofika hata saa moja na nusu, na kuna miaka ametoa mbili. Lav Diaz wa Ufilipino ni kinyume chake. Filamu yake iliyoshinda Venice mwaka 2016 inakaribia saa nne, na mwaka huohuo tamasha la Berlin lilionyesha nyingine yake ya takriban saa nane kwenye shindano kuu. Filamu ya namna hiyo ukiichagua, siku hiyo ni yake. Usiibandikie nyingine, na kwenye kanuni yangu ya filamu tano hiyo inahesabiwa mbili. Filamu maarufu za India nazo mara nyingi huzidi saa mbili na nusu na zimetengenezwa na mapumziko katikati. Nje ya India, neno la mapumziko hutokea kwenye skrini na filamu ikaendelea bila kusimama. Ukiliona, usiinuke mpaka taa ziwake.

Halafu saa. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna mtego wetu: ratiba huandikwa 19:30, kichwani unasema saa moja na nusu, na ukiandika haraka kwenye karatasi yako "1:30", kesho yake hujui kama ni mchana au usiku. Andika kama ilivyoandikwa kwenye tiketi, na pembeni andika neno moja, "usiku" au "mchana". Maonyesho ya usiku wa manane ni mtego mwingine. Onyesho la 00:30 Jumamosi ni usiku wa Ijumaa, saa sita na nusu, saa chache tu baada ya ile filamu yako ya Ijumaa. Watu hufika usiku wa siku ya pili wakakuta ukumbi umefungwa. Japani utakuta hata saa 25:00 imeandikwa, nayo ni saa saba usiku ya siku inayofuata, imehesabiwa ndani ya siku iliyotangulia. Busan kuna usiku ambapo filamu kadhaa hufuatana hadi karibu alfajiri, na ni jambo la kufurahisha sana, lakini ukilifanya Ijumaa, filamu yako ya Jumamosi asubuhi utakuwa umeitoa sadaka.

Ratiba yangu huwa karibu hivi:

Ijumaa: filamu moja, saa moja na nusu usiku.
Jumamosi: saa tano asubuhi, filamu ya nchi nisiyoijua, saa kumi alasiri, nguzo ya kwanza pamoja na maswali, usiku sina kitu.
Jumapili: saa nne na nusu asubuhi, filamu ya zamani iliyokarabatiwa, saa tisa alasiri, nguzo ya pili.

Ule usiku mtupu wa Jumamosi watu huuonea huruma. Huo ndio wakati nakaa na mtu tuliyetazama naye, au na mgeni tuliyekuwa naye kwenye foleni, tukazungumza filamu ya mchana mpaka tukagundua kila mmoja aliona kitu chake. Yamagata waliuelewa usiku huo vizuri. Kwa miaka mingi kulikuwa na jengo la duka la zamani la achari ambalo wakati wa tamasha liligeuka baraza, waongozaji na watazamaji wakiketi chini pamoja hadi usiku mwingi. Tamasha lenyewe lilichochewa na Ogawa Shinsuke, mtengeneza dokumentari aliyehamia kijiji cha Magino mkoani humo na kundi lake, wakalima mpunga miaka na miaka huku wakiwapiga picha wakulima. Mpaka leo tuzo ya dokumentari za Waasia chipukizi inaitwa kwa jina lake.

Hatua ya nne: tiketi

Jiunge na orodha ya barua pepe ya tamasha, jua siku na saa tiketi zinapofunguliwa, na uhakikishe ni saa za nchi gani. Fungua akaunti na uweke njia ya malipo siku iliyotangulia. Busan kila onyesho lina namba yake ya msimbo. Andika namba hizo kwenye karatasi yako, zinakuokolea muda wa kutafuta majina marefu wakati wenzako elfu kadhaa wanabofya. Anza na nguzo zako, kisha filamu za asubuhi, ambazo tiketi zake huchelewa kuisha.

Pasi ya wikendi ina faida ukiwa na filamu nyingi kuliko tano, au pale ambapo pasi ndiyo njia ya kuingia, kama Kerala, ambako mtu hujiandikisha kama mjumbe. Soma kama pasi inakuhakikishia kiti au inakupa ruhusa ya kupanga foleni tu. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Ukikosa tiketi, usikate tamaa wala usinunue kwa mlanguzi. Matamasha mengi huacha viti vichache vya kuuzwa siku yenyewe, na wageni rasmi wasipotokea, dakika za mwisho viti vyao hutolewa kwa walio kwenye foleni. Fika saa moja kabla. Na kama hata hiyo ikishindikana, mwulize kijana wa kujitolea aliye mlangoni ni filamu ipi bado ina nafasi ambayo yeye mwenyewe ameipenda. Hilo swali limenipa mema mengi, nitalirudia.

Hatua ya tano: begi

Sweta au shali, hata kama nje ni jua kali, kwa kuwa kumbi hupoza hewa kwa ajili ya watu mia tano na asubuhi mko themanini. Maji. Kitu cha kula kisichonuka wala kupiga kelele, ukile nje. Chaja. Daftari dogo na kalamu ya risasi. Miwani yako ya mbali, kama unayo, hata kama huwa unajikaza bila hiyo, maana wikendi hii utasoma maandishi kwa saa kumi. Viatu ambavyo umeshavizoea.

Hatua ya sita: Ijumaa

Ukifika mchana, tembea kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine kabla ya filamu yoyote, ukiangalia saa. Busan kwa mfano tamasha lilizaliwa mitaa ya Nampo-dong, upande wa bandari ya zamani, kisha shughuli nyingi zikahamia upande wa Haeundae, ambako mwaka 2011 lilifunguliwa jengo lake lenyewe lenye paa kubwa linaloning'inia juu ya uwanja wa wazi wenye viti kama elfu nne. Kati ya sehemu hizo mbili si mwendo wa miguu. Anayepanga filamu moja huku na nyingine kule bila kujua hilo atakosa ya pili.

Filamu ya Ijumaa iwe nyepesi. Umesafiri, umechoka, mwili bado haujatulia. Kichekesho au filamu ya mapigano yenye ukumbi uliojaa itakuamsha. Kule Udine, ambako ukumbi mkuu ni jumba la maonyesho ya jukwaani, watu hupiga makofi hata katikati ya filamu, na raha ya filamu hizo iko kwenye kucheka pamoja na watu mia kadhaa usiowajua.

Hatua ya saba: ndani ya ukumbi

Kaa kidogo nyuma ya katikati. Sababu ni manukuu, yale maandishi ya tafsiri chini ya picha. Ukikaa mbele, macho yanapanda na kushuka safari nzima, unasoma maneno na nyuso zinakupita. Ukikaa mbali kidogo, uso na maandishi huingia jichoni pamoja. Angalia pia kichwa kilicho mbele yako, maana kikiziba inchi chache za chini kimeziba filamu nzima. Mahali pengine tafsiri huwa mbili, ya Kiingereza ndani ya picha na ya lugha ya wenyeji kwenye ubao mwembamba chini au pembeni. Jua ipi ni yako kabla taa hazijazimwa.

Manukuu ni msaada, lakini huficha mengi. Filamu moja ya Malaysia inaweza kuwa na Kimalei, Kikantoni, Kitamili na Kiingereza, na maandishi yote yakaja kwa rangi moja kana kwamba wote wanasema lugha moja. Sikiliza. Mtu anapobadili lugha akizungumza na mzazi wake, au anapokataa kubadili, kitu kimetokea hata kama maandishi hayakusema. Kikorea vilevile hubadilika vitenzi kulingana na umri na cheo cha anayeambiwa. Sisi tunaojua uzito wa kumwamkia mkubwa tuna masikio tayari kwa hilo: tazama nani anainamisha sauti, na lini anaacha.

Onyesho likichelewa, tulia mahali pako. Filamu siku hizi hufika ukumbini ikiwa imefungwa kwa ufunguo wa kidijitali unaokubali mtambo fulani tu, kwa saa fulani tu. Ufunguo ukigoma hawawezi tu kuihamishia chumba cha pili, wanangoja mpya utumwe. Mara nyingi hutatuliwa.

Na usingizi. Ukikupitia kwenye filamu tulivu, usione haya. Apichatpong Weerasethakul wa Thailand, aliyeshinda tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka 2010, aliwahi kutengeneza hoteli ndani ya tamasha la Rotterdam mwaka 2018, watu wakalala vitandani huku picha zikipita ukutani usiku kucha. Dakika tano za kusinzia zikikujia, zikubali, kisha rudi. Anayepigana na usingizi nusu saa nzima haoni chochote.

Simu izime kabisa. Mwanga wake ukumbini unaonekana safu kumi nyuma.

Hatua ya nane: filamu ya nchi usiyoijua, na maswali baada yake

Jumamosi moja, kwenye tamasha moja dogo, filamu niliyoitaka ilikuwa imejaa. Nilimwuliza binti wa kujitolea mlangoni lile swali langu, naye akaninyooshea ukumbi mdogo wa ghorofani: filamu ya kwanza ya mwongozaji wa Kirgizistan, nchi ambayo sikuwa nimewahi kuona chochote chake. Tulikuwa watu kama arobaini.

Katikati ya filamu kuna mzee ameketi sakafuni na redio iliyofunguliwa. Kamera haisogei. Anachomoa skrubu, anaiweka kwenye kifuniko cha chupa. Anapuliza vumbi. Anakwaruza waya kwa ukucha. Hakuna muziki, hakuna anayesema, kuna upepo nje tu. Dakika zinakwenda. Niliisikia safu yangu ikiacha kujigeuzageuza vitini, mmoja baada ya mwingine. Redio ilipokoroma na kushika stesheni, mwanamke aliyekaa mbele yangu alipiga makofi mara moja, akajishika mdomo.

Baadaye mwongozaji alisimama mbele na mkalimani. Swali la kwanza lilikuwa refu, lilihusu wakati na kumbukumbu katika sinema ya Asia ya Kati. Mkalimani alihangaika, mwongozaji akajibu kwa adabu maneno machache. Kisha mzee mmoja akainua mkono akauliza, "Ile redio ilikuwa mbovu kweli?" Mwongozaji akacheka, uso ukafunguka. Akasema ndiyo, ilikuwa mbovu kweli, na yule mzee hakuwa mwigizaji bali jirani yao anayetengeneza redio. Walianza kupiga picha bila kujua kama itapona. Ingegoma, filamu ingekuwa na mwisho mwingine. Alizungumza dakika kumi nzima, mikono yake ikionyesha jinsi walivyojibana kwenye chumba kile wasionekane.

Tangu siku hiyo nauliza maswali mafupi, ya kitu kimoja nilichokiona. Mlango ule mliukuta umepakwa rangi hiyo, au mliipaka nyinyi? Yule mtoto alijua kamera iko wapi? Swali la kitu hutafsirika kwa urahisi, na mwongozaji ambaye ametoka mbali, na hata hoteli yake hajaizoea, hufurahi kuulizwa kuhusu kazi ya mikono yake. Sema sentensi moja, simama, mwache mkalimani afanye kazi, na umtazame mwongozaji wakati jibu linatolewa, hata kama huelewi lugha. Usianze kwa kueleza maisha yako. Usiulize mwisho una maana gani. Siasa za nchi yake ziulize kwa uangalifu zaidi: yeye atarudi nyumbani, na jibu lake huenda limerekodiwa na simu tatu. Akikwepa, mwachie.

Mkikutana naye nje, shukrani na jambo moja mahususi ulilolipenda vinatosha kabisa.

Hatua ya tisa: Jumapili

Asubuhi ni wakati wa filamu za zamani. Usizidharau kwa kuwa si mpya. Sehemu kubwa ya Asia ina joto na unyevu, na filamu za zamani, zilizo kwenye mikanda ya selulosi, haziwezi hali hiyo. Huanza kunuka siki, husinyaa, huota ukungu, na nyingi zimepotea moja kwa moja. Inayoonyeshwa leo ikiwa safi imepitia mikono ya watu walioisafisha fremu kwa fremu, mara nyingine kwa kuunganisha vipande vya nakala mbili au tatu. Mradi ulioanzishwa na mwongozaji wa Marekani Martin Scorsese mwaka 2007 umeokoa kadhaa za bara hili. Ukiwahi, soma maandishi ya mwanzo yanayosema nakala ilipatikana wapi.

Kama tamasha linawaachia watazamaji kura, piga. Udine tuzo yake kuu, Mforsadi wa Dhahabu, huamuliwa na hadhira yenyewe. Toa alama kabla hujasikia wengine wamesemaje.

Baada ya filamu ya mwisho, kabla ya basi au treni, kaa mahali ufungue daftari. Kwa kila filamu andika jina lake, jina la mwongozaji kama lilivyoandikwa kwenye katalogi, na kitu kimoja ulichokiona kwa macho: mkono, chumba, sauti. Usiandike maoni, hayo yatabadilika. Na ukurasa wa katalogi wenye ile filamu ya nchi usiyoijua uuchane uondoke nao, kwa kuwa jina hilo ndilo gumu kulipata tena.

Ukurasa wa yule mwongozaji wa redio niliubandika ukutani juu ya meza yangu. Katika katalogi mbili zilizofuata nilimtafuta nikamkosa. Katika ya tatu alikuwepo, filamu yake ya pili, dakika 104, Jumamosi saa tano asubuhi, na pembeni kulikuwa na alama ya kwamba atakuja mwenyewe.